Kasisi Aliyefungua Makabati ya Serikali

Mashujaa wanaotajwa katika vitabu vya historia vya shuleni aghalabu ni watu wa upanga na bunduki, au watu wa ulimi mkali walioweza kuutikisa umati kwa maneno. Ni nadra kwa mwanafunzi kusimuliwa habari za shujaa ambaye silaha yake ilikuwa kifungu kimoja cha sheria, kinachomlazimisha karani kufungua kabati la ofisi na kumwonyesha raia karatasi zilizomo. Hata hivyo mtu wa namna hiyo aliishi, na ulimwengu wa leo unakula matunda ya mti alioupanda. Jina lake lilikuwa Anders Chydenius, kasisi wa Kilutheri wa Ufini.

Sheria aliyoipigania ilitolewa tarehe 2 Desemba 1766. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kumpa mwananchi wa kawaida haki ya kusoma nyaraka za serikali yake na kuzichapisha. Maisha ya mtu huyu yafaa kuelezwa kwa walimu na wanafunzi wa zama zetu kwa sababu yanatufundisha jambo ambalo wengi hulisahau: uhuru wa kusema pasipo haki ya kuona ni nusu ya uhuru. Asemaye bila kuona hubaki akikisia, na serikali haimwogopi mkisiaji, kwani yatosha kumwita mzushi na mazungumzo yakaisha.

Chydenius alizaliwa tarehe 26 Februari 1729 huko Sotkamo, katika Ufini ya kaskazini. Wakati huo Ufini haikuwa nchi inayojitawala. Ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, na mambo yake yote makubwa yaliamuliwa ng'ambo ya bahari, katika mji mkuu wa Stockholm. Baba yake, Jakob, alikuwa kasisi maskini aliyetumwa kuhudumu katika sehemu za mbali, na mtoto alikulia Kuusamo, karibu kabisa na mstari wa Aktiki, mahali ambapo theluji hukaa kwa miezi mingi na mavuno yakiharibika watu hula mkate uliochanganywa na unga wa gome la msonobari.

Baba alimfundisha mwanawe nyumbani kabla ya kumpeleka shuleni Oulu. Kisha kijana akajiunga na chuo kikuu cha Turku, na baadaye akasoma pia Uppsala nchini Uswidi. Pamoja na masomo ya dini alizama katika hisabati na elimu ya maumbile. Mwaka wa 1753 alipewa kanisa dogo la Alaveteli, kijiji cha wakulima kilichomo bara kidogo kutoka mji wa bandari wa Kokkola. Mwaka wa 1755 akamwoa Beata Magdalena Mellberg, binti wa mfanyabiashara. Hawakujaliwa kupata watoto.

Kasisi huyu hakuwa mtu wa kukaa kitako akingoja Jumapili. Alikausha vinamasi vikawa mashamba. Alileta kondoo wa aina bora, akapanda viazi na tumbaku ili majirani waone kwa macho yao kabla ya kuthubutu. Alijifunza utabibu kwa kusoma vitabu, akawachanja watu dhidi ya ndui na kuwapasua macho wazee waliokuwa wamepofushwa na mtoto wa jicho. Kwa hiyo mlango wake ulikuwa haufungwi, na kila aliyeingia aliingia na shida yake. Hivyo ndivyo alivyopata kuijua siasa: hakuipata katika vitabu vya falsafa kwanza, aliipata katika malalamiko ya wenye shida.

Na lalamiko kubwa la watu wa pwani ile lilikuwa juu ya lami. Lami inayozungumziwa hapa haikuwa ya kutandaza barabarani. Ilikuwa utomvu mweusi uliokamuliwa katika miti ya misonobari. Mkulima aliambua gome la mti ungali umesimama, akauacha miaka kadhaa utomvu ujikusanye, kisha akaukata na kuuchoma polepole katika tanuri lililochimbwa ardhini, hata lami ikatiririka na kujazwa mapipani. Kama vile mabaharia wa pwani yetu walivyovipaka vyombo vyao sifa ili maji yasipenye, ndivyo merikebu zote kubwa za Ulaya zilivyohitaji lami hiyo. Waingereza na Waholanzi waliinunua kwa wingi.

Lakini mkulima wa Alaveteli hakuruhusiwa kumwuzia Mwingereza wala Mholanzi. Tangu mwaka wa 1636 kulikuwa na amri kwamba miji ya kaskazini, upande wa Uswidi na upande wa Ufini, isifanye biashara na nchi za nje. Mapipa yote yalipelekwa kwanza Stockholm au Turku, na huko wanunuzi wachache ndio waliotoa bei waitakayo. Mwuzaji aliyesafiri kwa majuma hakuweza kurudi na mapipa yake. Ilimbidi akubali alichopewa. Faida ya jasho la kaskazini ikabaki katika maghala ya mji mkuu. Chumvi nayo, ambayo ilitoka nchi za nje, ilikuwa ghali, kwani sheria nyingine ya mwaka wa 1724 iliwakataza wageni kuleta kwa merikebu zao bidhaa zisizotoka katika nchi zao wenyewe.

Mwaka wa 1763 jambo hili lilipojadiliwa Kokkola, kasisi kijana wa Alaveteli alijitokeza na hoja zilizopangwa kama hesabu. Watu wakaona kwamba wamempata msemaji. Bunge lilipoitishwa Stockholm mwaka wa 1765, makasisi wenzake wa Pohjanmaa, jimbo lake, wakamtuma akawawakilishe. Alikuwa na umri wa miaka 36, na hakuna aliyemjua katika mji ule.

Hapana budi tueleze kidogo Bunge hilo lilivyokuwa, maana bila kulielewa hatuwezi kuelewa uzito wa alilolifanya. Lilikuwa Bunge la matabaka manne: makabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima. Kila tabaka lilikuwa na kura moja. Mfalme alikuwa hana nguvu nyingi siku zile. Bunge ndilo lililotawala, na ndani yake vyama viwili viligombea madaraka, kimoja kikiitwa Chepeo na cha pili kikiitwa Kofia. Kwa kutazama juu juu mtu angesema ilikuwa nchi huru kupita nyingi za Ulaya ya wakati ule.

Kumbe mambo mazito hayakuamuliwa mbele ya Bunge zima. Yaliamuliwa na Kamati ya Siri, iliyokuwa na makabaila 50, makasisi 25 na watu wa mijini 25. Wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi na waliobeba kodi nzito, hawakuwa na kiti hata kimoja humo kwa kawaida. Wajumbe wake waliapa kutotoa siri. Kamati hiyo ndiyo iliyosimamia mambo ya nchi za nje, ya fedha za serikali na ya benki. Chini ya utawala wa chama cha Chepeo noti za karatasi zilikuwa zimechapwa kwa wingi hata thamani ya fedha ikaporomoka, na mikopo mikubwa ilikuwa imetolewa kwa wenye viwanda waliokuwa karibu na wakubwa. Mkulima aliona bei zikipanda. Sababu yake hakuambiwa, na karatasi ambazo zingemweleza zilikuwa zimefungiwa.

Tena aliyetaka kuuliza kwa maandishi alikutana na kizuizi kingine. Kila mswada, kabla ya kupigwa chapa, ulipelekwa kwa mdhibiti wa serikali ausome na kuamua kama utatoka au hautatoka. Mwaka wa 1759 kijana mmoja msomi, Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki, alichapisha kijitabu kidogo kuhusu uhuru wa raia. Mara kikapigwa marufuku. Aliyeagizwa kukusanya nakala zake katika chuo kikuu cha Uppsala alikuwa mkuu wa chuo mwenyewe, ambaye hakuwa mwingine ila Linnaeus, yule yule ambaye kila mwalimu wa biolojia humtaja anapofundisha majina ya mimea na wanyama. Forsskål alikuwa mwanafunzi wake. Kijana huyo baadaye alisafiri Arabuni na msafara wa elimu uliotumwa na mfalme wa Denmark, akafia Yemen mwaka wa 1763, kabla ya kuona mawazo yake yakiwa sheria.

Chydenius alipofika Stockholm alikuta chama cha Kofia kimeshinda, na watu wengi wapya wakiwa na hamu ya mabadiliko. Hakupoteza wakati. Katika mwaka wa 1765 peke yake aliandika vijitabu kadhaa. Katika kimoja aliishambulia sheria ya mwaka wa 1724 iliyofanya chumvi kuwa ghali, na mji mzima ukavuma kwa mabishano. Katika kingine, kilichohusu faida ya taifa, alieleza kwamba nchi hustawi pale kila mtu anapoachwa huru kufanya kazi na biashara pasipo upendeleo wa serikali kwa wachache. Kijitabu hicho kilitangulia kitabu mashuhuri cha Adam Smith kwa miaka 11. Na lile alilotumwa kulifanya alilifanya pia: Kokkola na miji mingine kadhaa ilipata ruhusa ya kusafiri na kuuza nje. Angerudi nyumbani hapo, angepokewa kwa shangwe.

Hakurudi. Alikuwa ameng'amua kwamba amri ile ya lami iliweza kudumu zaidi ya karne moja kwa sababu hakuna aliyeweza kuipekua. Waliofaidika nayo ndio waliokuwa na hesabu, barua na kumbukumbu za vikao. Walioumia nayo walikuwa na manung'uniko tu. Kuiondoa amri moja na kuiacha siri iliyoilinda kungekuwa sawa na kung'oa magugu na kuacha mizizi ardhini. Mvua moja tu, nayo yameota tena.

Kwa hiyo akajitia katika kamati ndogo ya Bunge iliyopewa kazi ya kutunga sheria ya uhuru wa kuchapa. Humo alikuwa mwandishi mkuu wa hoja na mwenye bidii kuliko wote. Wengine walikuwa radhi kulegeza kamba: mdhibiti abaki, lakini awe mpole zaidi. Yeye alishikilia kwamba mdhibiti mpole ni mdhibiti vile vile, na kwamba mtu aandike kwanza, kisha akivunja sheria ashtakiwe mbele ya mahakama, mahali ambapo anaweza kujitetea. Aliamini kwamba kweli haihitaji mlinzi mwenye mkasi. Ikiachwa ishindane na uongo mbele ya watu, itashinda kwa nguvu zake yenyewe. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili kwa ufupi: kweli ikidhihiri, uongo hujitenga. Ili kuonyesha kwamba wazo hilo halikuwa ndoto ya Ulaya pekee, alichapisha mwaka wa 1766 maelezo kuhusu uhuru wa kuandika katika dola ya Uchina, aliyoyatafsiri kutoka Kidenmark.

Lakini hatua iliyoitofautisha sheria hii na sheria nyingine zote za uhuru wa magazeti zilizoitangulia ilikuwa ile ya pili. Uingereza ilikuwa imekwisha kuacha kukagua vitabu kabla ya kuchapwa tangu mwaka wa 1695. Hata hivyo Mwingereza hakuwa na haki ya kuingia ofisini na kudai kuonyeshwa jalada. Sheria ya Uswidi ilimpa raia kalamu na ikampa pia kitu cha kuandikia habari zake. Hukumu za mahakama, kumbukumbu za ofisi za serikali, barua za maafisa, maombi yaliyoletwa mbele yao na majibu waliyotoa, pamoja na shughuli za Bunge lenyewe, vyote viliruhusiwa kuchapishwa, ila vile vichache vilivyotajwa kuwa siri. Mtu yeyote aliruhusiwa kwenda penye nyaraka, akazinakili hapo hapo au akapewa nakala iliyothibitishwa.

Na hapa ndipo palipokuwa na meno ya sheria. Sheria ilisema kwamba afisa atakayekataa kutoa waraka, au atakayeweka vizuizi, atapoteza kazi yake. Mwalimu wa uraia na awaulize wanafunzi wake watafakari jambo hilo. Watunga sheria wengi huandika haki kwa wino mzito na adhabu kwa wino usioonekana. Watu wa 1766 walijua tabia ya makabati: hayafunguki kwa maneno matamu. Karani mwenye ufunguo hana budi kuwa na hofu kubwa zaidi ya ile anayokuwa nayo kwa mkubwa wake.

Haikuwa sheria kamilifu. Maandiko yanayohusu dini yaliendelea kukaguliwa na viongozi wa kanisa. Kuishambulia dini ya nchi, katiba na nyumba ya mfalme kuliendelea kuwa kosa. Mambo ya siri ya nchi za nje yalibaki ndani ya Kamati ya Siri. Makabaila ndio walioipinga kwa nguvu zaidi, jambo lisilomshangaza yeyote, kwani ndio waliokuwa na mengi kabatini. Hata hivyo mambo yaliyofichwa sasa yalikuwa yametajwa kwa orodha, na yasiyotajwa yakawa ya wote. Zamani kila kitu kilikuwa siri ila kile ambacho wakubwa walipenda kukitoa. Sasa kila kitu kilikuwa wazi ila kile ambacho sheria ilikisitiri. Kugeuza msingi huo ndiko kulikokuwa mapinduzi yenyewe, na ndiko kunakofuatwa na sheria za namna hii hadi leo.

Msomaji atadhani kwamba siku sheria ilipotolewa Chydenius alikuwa bungeni akipongezwa. La hasha. Alikuwa amekwisha kufukuzwa. Katika kiangazi cha mwaka wa 1766 alichapisha kijitabu kuhusu fedha. Chama chake mwenyewe cha Kofia kilikuwa kimeamua kuipandisha thamani ya fedha irudi pale ilipokuwa zamani. Chydenius aliona kwamba jambo hilo lingewaangamiza wenye madeni na kuzifunga kazi nyingi, akashauri thamani iachwe pale ilipofikia na kuimarishwa hapo. Akalisema hilo hadharani, ilhali Bunge lilikuwa limekwisha kuamua.

Wakubwa wa chama walighadhibika. Kumbe uhuru waliokuwa wakiutunga ulikuwa wa kuwafichua wapinzani wao wa Chepeo. Hawakutarajia taa hiyo hiyo iwamulike wao. Makasisi wenzake, watu wa tabaka lake, wakamtoa bungeni. Aliyeitunga sheria ya kusema bila hofu akaadhibiwa kwa kusema. Akarudi Alaveteli, na miezi michache baadaye, yeye akiwa mbali, sheria ikapitishwa bila yeye. Muda si muda uamuzi ule wa fedha ukaleta dhiki ile ile aliyoitabiri: katika miaka ya 1767 na 1768 biashara zilikwama na watu wengi wakakosa kazi.

Huu ndio wakati unaotuonyesha mtu huyu alikuwa wa namna gani. Wengi huupenda uwazi wanapokuwa nje ya ofisi na kuuchukia wanapoingia. Yeye aliupenda akiwa ndani, na ukamgharimu kiti chake. Funzo kwa mwanafunzi wa siasa ni kwamba asimpime kiongozi kwa anavyodai kuonyeshwa mafaili ya waliomtangulia. Ampime kwa anavyoyaonyesha ya kwake.

Sheria ilipoanza kutumika, vijitabu na magazeti yalichipuka kama uyoga baada ya mvua. Watu walichapisha mabishano ya bungeni, kesi za mahakamani, mafungu ya fedha na barua za maafisa. Yalikuwemo matusi na porojo pia, kwani soko huria huuza na samaki waliooza. Lakini furaha haikudumu. Tarehe 19 Agosti 1772 mfalme kijana, Gustav wa Tatu, alinyakua madaraka kwa msaada wa askari, na utawala wa Bunge ukakoma. Mwaka wa 1774 alitoa sheria mpya ya uchapaji iliyobana ile ya kwanza. Haki iliyopatikana kwa jasho ilikuwa imedumu kwa miaka isiyofika hata minane.

Chydenius wakati huo alikuwa kasisi mkuu wa Kokkola, cheo alichokipata mwaka wa 1770, ambacho baba yake alikuwa amekishika kabla yake. Nyumba yake ikawa na vitabu, dawa na ala za muziki, na watu walialikwa kusikiliza. Hakukata tamaa ya siasa. Alirudi bungeni katika kikao cha miaka ya 1778 na 1779, na mara hii akawatetea watumishi wa nyumbani na wa mashambani, watu wasio na ardhi ambao sheria iliwalazimisha kumtumikia bwana kwa ujira uliopangwa na wakubwa. Alidai kwamba mtumishi naye ni binadamu mwenye haki ya kupatana juu ya bei ya jasho lake. Kisha akapendekeza kwamba wageni wa dini nyingine waruhusiwe kuishi nchini na kuabudu wapendavyo. Makasisi wenziwe walimwona kama msaliti, lakini hoja ikapita, na amri ya uvumilivu wa dini ikatolewa mwaka wa 1781.

Mwaka wa 1780 aliandika maelezo ya maisha yake mwenyewe. Humo alitaja kazi zake nyingi, na akaeleza kwamba hakuna alilolihangaikia katika Bunge lile la kwanza kama uhuru wa kuandika na kuchapa. Aliandika hayo wakati uhuru huo ulikuwa umekwisha kupogolewa na mfalme. Alifariki Kokkola tarehe 1 Februari 1803, akiwa na umri wa miaka 73.

Miaka sita baada ya kifo chake Uswidi ilishindwa vitani na Ufini ikachukuliwa na Urusi. Wananchi wenzake waliobaki chini ya utawala huo walirudi katika enzi ya wadhibiti. Upande wa Uswidi mfalme aliondolewa mwaka wa 1809, na mwaka wa 1810 sheria ya uhuru wa uchapaji ikarudishwa pamoja na haki ya kuona nyaraka. Leo haki hiyo imo katika katiba ya Uswidi. Ufini ilijipatia uhuru mwaka wa 1917, ikatunga sheria yake ya uwazi wa nyaraka mwaka wa 1951, na mwaka wa 1986 ikaiweka sura ya kasisi huyo katika noti yake ya markka 1,000, iliyotumika mpaka nchi hiyo ilipoingia katika sarafu ya yuro.

Mataifa mengine yalichelewa. Marekani, inayojivunia uhuru wake, ilitunga sheria ya raia kupata nyaraka za serikali mwaka wa 1966, miaka 200 kamili baada ya ile ya Chydenius. Nasi Kenya tuliishi kwa muda mrefu chini ya kivuli cha sheria ya siri za serikali ya mwaka wa 1968. Ni Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 35, iliyotamka kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 118 kikaliagiza Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi. Sheria ya utekelezaji ikaja mwaka wa 2016, wakati sheria ya kasisi wa Alaveteli ilipokuwa ikitimiza miaka 250.

Sheria yetu inasema kwamba ombi la kupata habari huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Inampa afisa siku 21 za kutoa uamuzi, na saa 48 pekee ikiwa jambo lenyewe linahusu uhai au uhuru wa mtu. Haya si maneno ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha insha ya barua rasmi anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi yenye maana kuliko barua ya kuomba nafasi ya kazi katika kampuni isiyokuwepo: wamwandikie afisa wa kaunti wakiomba kuona bajeti ya barabara ipitayo mbele ya shule yao, au mkataba wa kisima kilichochimbwa kisitoe maji. Jibu likija, watakuwa wamejifunza uraia. Lisipokuja, watakuwa wamejifunza zaidi, nao wataandika tena.

Kwani hilo ndilo ambalo maisha ya Chydenius yanatuachia. Haki ya kuona ilipatikana Uswidi mwaka wa 1766, ikabanwa mwaka wa 1774, ikarudi mwaka wa 1810. Haikulindwa na karatasi iliyoandikwa juu yake. Ililindwa na watu waliozoea kwenda ofisini na kudai. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na serikali inayoficha hesabu zake haizai imani ya watu wake. Lakini jembe lisilolimiwa hushika kutu, na kabati ambalo hakuna anayegonga mlango wake hujifunga lenyewe.